Mwezi Mzima wa Kutembea

Nilifika Kolkata mwaka 2009 kwa ufadhili wa masomo wa serikali ya India, nikiwa na umri wa miaka 26 na nikijiona mchezaji aliyeiva. Nilizaliwa Usukumani, katika kijiji ambacho mtoto hujifunza bugobogobo, ngoma yetu ya majembe, kabla hajaweza kuinua jembe halisi, na nilikuwa nimecheza kwenye sherehe za Bulabo pale Bujora, ambako makundi ya ngoma hushindana, mara nyingi kiasi cha kuwatambua kwa sura mashabiki wetu na wale wa upande wa pili waliokuja kutuzomea. Juu ya hayo nilikuwa na mafunzo ya sarakasi na cheti cha sanaa za maonyesho ambacho mama yangu alikuwa amekitundika ukutani sebuleni. Kwa hiyo, mmoja wa wahadhiri wangu aliponishauri kwamba nyakati za jioni nimtafute mwalimu wa ngoma ya ubunifu, nilikwenda nikiwa na hamu ya kuonyesha kuliko hamu ya kufundishwa.

Darasa lilikuwa ghorofani, katika nyumba ya zamani upande wa kusini mwa jiji, si mbali na njia ya tramu iliyopita Gariahat. Sakafu ilikuwa ya saruji nyekundu, laini kwa miaka mingi ya nyayo, na darini palikuwa na feni moja iliyolalamika kila ilipozunguka. Kioo hakikuwapo. Mwalimu alikuwa mama wa umri wa makamo ambaye wote, hata wazazi waliowaleta watoto wao, walimwita Didi, yaani dada mkubwa. Mimi, ambaye kwetu mtu wa rika lake nisingethubutu kumwita kwa jina lolote ila mama, nilihitaji wiki kadhaa kulizoea neno hilo mdomoni. Wanafunzi walipoingia waliinama wakagusa miguu yake, kisha wakagusa vipaji vya nyuso zao, na hilo halikunisumbua hata kidogo, kwa kuwa nami nimelelewa mahali ambapo mtoto hampiti mkubwa bila kupiga goti.

Nilimweleza ninachoweza. Nikajitolea kumwonyesha mruko wa kujipindua nyuma, ule ambao huko kwetu ulikuwa ukiwafanya watu wainuke vitini. Didi alisubiri nimalize, akaniuliza kama ninajua kutembea.

Nilidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Kwa mwezi mzima, siku tatu kwa wiki, nilitembea kwenye ile sakafu nyekundu pamoja na watoto wa shule, mabinti wa chuo na karani mmoja mnene wa benki aliyekuja na mkoba wake wa kazi. Tulitembea upesi na polepole, tukatembea kama watu walio ndani ya maji hadi kiunoni, kama watu waliochelewa treni, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai. Jioni moja alituambia tutembee kama tunaotoka mazikoni, ila asione huzuni yoyote usoni petu. Katikati ya zoezi alipiga kofi, tukasimama pale pale tulipo, akapita akitazama migongo, na kwangu alikaa muda mrefu kuliko kwa wengine. Aliniambia kwamba mgongo wangu unasubiri makofi ya watu.

Nilikasirika, na nikamwandikia kaka yangu kwamba nimevuka bahari kwenda kufundishwa kitu ambacho mtoto wa mwaka mmoja anakijua.

Ilinibidi nielewe kwanza zoezi lile lilitoka wapi ndipo hasira yangu ipungue, na hadithi yenyewe inaanza kwa mtu ambaye hakuwa mchezaji. Uday Shankar, mwanzilishi wa ngoma ile ya ubunifu, aliyezaliwa Udaipur mwaka 1900, alisomea uchoraji, kwanza Bombay, kisha Royal College of Art huko London. Utotoni mwake alikuwa amevutiwa na mchezaji wa kijijini aliyeitwa Matadin, mtu wa tabaka la wafanyakazi wa ngozi, ambaye watu wa ukoo wa Shankar wasingemchagua kuwa mwalimu wa mtoto wao. Hakupitia mafunzo rasmi ya ngoma yoyote ya jadi ya India. Anna Pavlova, mchezaji mashuhuri wa baleti kutoka Urusi, ndiye aliyemwingiza jukwaani mwaka 1923, alipotayarisha naye kazi mbili zenye visa vya Kihindi, na yeye akacheza mungu Krishna mbele ya hadhira ya London. Kuanzia hapo kijana yule aliyekwenda kujifunza rangi akawa anafikiri kwa viungo. Alitazama sanamu za mahekalu, alitazama ngoma za vijijini, alitazama Kathakali, ngoma ya jadi ya kusini mwa India, akatunga vya kwake.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 alifungua kituo cha utamaduni Almora, kwenye vilima vya Himalaya, kwa msaada wa wafadhili kutoka Uingereza na Marekani. Pale aliwaweka chini ya paa moja mabingwa wa ngoma za jadi na muziki ambao kwa kawaida wasingekutana: Shankaran Namboodiri wa Kathakali, Kandappa Pillai wa Bharatanatyam, Amobi Singh wa Manipuri, na Ustadh Allauddin Khan kwa upande wa muziki. Mwanafunzi alijifunza kutoka kwa wote hao, lakini kiini cha siku kilikuwa darasa la Shankar mwenyewe, la kutembea, kutazama, kukaza fikira na kubuni papo hapo. Kituo hakikudumu. Vita vilikuja, fedha zikakauka, na baada ya miaka michache milango ilifungwa. Hata hivyo ukiwahesabu waliopita pale utashangaa jinsi mbegu zilivyotawanyika: Guru Dutt akaenda kuwa mwongozaji wa filamu, Zohra Segal, aliyekuwa mwalimu pale, akaigiza hadi uzeeni na kufariki mwaka 2014 akiwa na miaka 102, Shanti Bardhan akatunga ngoma ya Ramayana, utenzi wa kale wa Kihindi, ambamo watu wazima hucheza kama vikaragosi vya mbao, Narendra Sharma akafundisha watoto wa shule Delhi, kisha mwaka 1972 akaanzisha kundi lake la Bhoomika. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyefanana na mwenzake. Nilipolijua hilo ndipo nilipoanza kushuku kwamba kutembea kule kulikuwa na maana.

Mwezi wa pili Didi alitupa kazi ya nyumbani. Kila mmoja achague mtu anayefanya kazi ya mikono, amtazame kwa juma zima bila kuandika na bila kupiga picha, kisha arudi na dakika tatu za uchezaji. Hii nayo ilikuwa na asili yake, maana mojawapo ya kazi zinazokumbukwa zaidi za Shankar ilihusu kazi na mitambo, wachezaji wakigeuka kuwa gurudumu na pistoni kwa miili yao tu. Wenzangu wengine walikwenda mtaa wa Kumartuli kuwatazama wafinyanzi wanaosuka majani makavu na kuyakandika udongo wa mtoni hadi anatokea mungu wa kike Durga na mikono yake kumi. Mimi nilikwenda stesheni ya Howrah kuwatazama mahamali.

Mahamali wa Howrah huvaa mashati mekundu, na kichwani huweka kata ya kitambaa iliyoviringishwa kama ile ya mama zetu wanapotoka kisimani. Nilikaa kando ya mlingoti kwa siku saba nikinywa chai katika vile vikombe vidogo vya udongo ambavyo ukishamaliza unavivunja chini. Nilimwona mtu mwembamba, mwenye mvi, akipandishiwa masanduku mawili kichwani na la tatu begani, na nikaukariri mwenendo wake wote: shingo isiyogeuka, mkono mmoja juu, magoti yaliyokunjwa kidogo, ule mwendo wa haraka usio mbio wala matembezi. Niliyanasa yote. Nilirudi darasani nikamcheza mzee yule kwa ufundi mkubwa, na mwishoni, Mungu anisamehe, nikaongeza mruko wa kujipindua.

Wenzangu walipiga makofi. Didi hakupiga.

"Umetuonyesha hamali," alisema. "Mzigo sijauona."

Halafu alimwita msichana wa miaka tisa hivi, aliyekuwa amemchagua nyanya yake anayekaanga mikate jikoni. Mtoto yule hakuigiza jiko wala kikaango. Alisimama, akainua kitu kisichokuwapo kwa mikono miwili, na nikaona mabega yake yakishuka kwa utaratibu kana kwamba kuna chuma cha moto mle mikononi, na kisigino chake cha kushoto kikiinuka kidogo kukwepa kitu fulani sakafuni ambacho hadi leo sijui kilikuwa nini. Paka, labda. Haikuchukua hata dakika moja. Karani wa benki aliyekaa kando yangu alivuta pumzi kama aliyeunguzwa.

Nimelifikiria jambo lile kwa miaka mingi. Nilikuwa nimemtazama yule hamali kwa macho ya mtu anayeiba: nilichukua kila kilichoonekana kwa nje, nikaacha kile kilichokifanya kionekane hivyo. Shingo yake haikugeuka kwa sababu kulikuwa na kilo zisizopungua hamsini juu yake, si kwa sababu shingo iliyonyooka inapendeza. Aibu yangu kubwa zaidi ni kwamba mimi ni mtoto wa wakulima. Nililima mpunga na pamba tangu nikiwa mdogo, na bugobogobo yenyewe ni ngoma iliyozaliwa shambani, watu wakilima kwa pamoja huku ngoma ikiwapa mwendo. Lakini tangu nilipoanza kuicheza jukwaani tulirusha majembe hewani na kuyadaka, tukayageuza yakawa vijiti vya mazingaombwe, na nilikuwa nimesahau kabisa kwamba jembe ni kitu kizito.

Nilichokuja kukipatia, nilikipatia kwa bahati, wiki tatu baadaye, Didi alipotupa zoezi la nyoka. Wengine walijinyonganyonga kwa madaha sakafuni. Mimi nilikumbuka mjomba wangu, ambaye alikuwa wa Bayeye, watu wa nyoka, na siku aliponivika chatu shingoni nikiwa na miaka minane. Watu hudhani nyoka ni mwepesi na mtelezi. Yule alikuwa baridi na mzito kama gunia la mchanga uliolowa, na kilichonitisha si kusogea kwake bali kutulia kwake. Basi sikujinyonga. Nililala, nikatulia, nikaacha uzito wangu wote uingie kwenye ile saruji nyekundu, nikangoja. Sijui ilikuwa muda gani. Nilipoinua kichwa, Didi alikuwa akitikisa chake pembeni kwa ile namna ya Kibengali ambayo mgeni hawezi kujua kama ni ndiyo au hapana, na akaniambia nikanywe chai. Kwa kipimo chake hizo zilikuwa sifa kubwa mno.

Jioni hiyo ndipo aliponisimulia kwa kirefu habari za Amala Shankar, mke wa Uday, ambaye ndiye aliyewafundisha walimu wa Didi. Alizaliwa Amala Nandy mwaka 1919 katika wilaya ya Jessore, sehemu ambayo leo iko Bangladesh. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mapambo ya vito, na mwaka 1931 alikwenda na binti yake Paris kwenye maonyesho makubwa ya makoloni. Huko ndiko walikokutana na familia ya Shankar, wakati ambapo kundi la Uday lilikuwa limeanza kujaza kumbi za Ulaya, na mdogo wake wa mwisho, Ravi, ambaye baadaye dunia ingemjua kwa kupiga sitari, ala ya nyuzi ya Kihindi, alikuwa mtoto wa rika la Amala. Binti aliyekwenda kutazama maonyesho akaingizwa kundini. Nafasi yake ya kwanza ilikuwa Kaliya, nyoka wa mto Yamuna anayetiishwa na Krishna. Nilicheka niliposikia hivyo, na Didi akaniuliza ninacheka nini, nikamwambia kwamba mjomba wangu angefurahi.

Walioana mwaka 1942. Katika filamu Kalpana, ambayo Uday aliiongoza na kuimaliza mwaka 1948, Amala ndiye anayecheza Uma. Ni filamu inayohusu kijana anayeota kujenga kituo cha sanaa milimani, na ukijua yaliyoipata Almora huwezi kuitazama bila kuhisi kwamba unamtazama mtu akijenga upya kwa picha kile kilichomponyoka mikononi. Mwaka 1965 ukafunguliwa mjini Kolkata Uday Shankar India Culture Centre, na huko Amala akafundisha kwa miongo mingi, wakati mumewe akizeeka na hata baada ya kifo chake mwaka 1977.

Hapa nina maoni yangu, na sidhani kama Didi angekubaliana nayo yote. Anayejifunza Bharatanatyam hupewa adavu, vipande vya msingi vya miguu na mikono vyenye majina na mpangilio, kama mtoto anavyopewa alfabeti. Shule kama Kalakshetra, aliyoianzisha Rukmini Devi Arundale huko Madras mwaka 1936, imejengwa juu ya utaratibu huo, na mwalimu akifa herufi zinabaki. Ngoma ya ubunifu ya Shankar haina herufi. Wapo waliomsema kwamba alichanganya mapishi bila kuujua upishi, na kwamba Uhindi wake ulipimwa kwa macho ya Wazungu waliolipa viingilio, na maneno hayo si ya kupuuzwa. Lakini shida niliyoiona mimi kwa karibu ni nyingine: kitu kisicho na herufi kinaishi miilini mwa watu tu, na kama hapatikani mtu wa kusimama mbele ya watoto jioni baada ya jioni akiwaambia watembee, kinakwisha katika kizazi kimoja. Mabango na vitabu humtaja Uday, na ni haki yake. Hata hivyo mimi naona historia imempunja Amala kidogo, kwa kuwa mume alikivumbua kitu katika miaka ya msisimko, akazunguka nacho duniani, ilhali mke alikibeba wakati hakikuwa tena habari ya gazeti, katika chumba chenye joto, pamoja na watoto wa watu wasiojua mkono wa kulia ni upi. Leo binti yake Mamata na mkwewe Tanushree kila mmoja anaongoza kundi lake, na makundi hayo hayafanani. Hilo nalo linaniambia jambo kuhusu namna alivyofundisha.

Nilirudi Mwanza mwaka 2011. Nilianza na watoto kumi na wanne, kwenye banda la shule moja ya msingi tulilopewa siku za Jumamosi, na nikawaambia watembee. Baada ya wiki tatu walibaki watano. Mzazi mmoja alinijia akaniuliza kwa heshima zote, "Mwalimu, shikamoo haina neno, nidhamu haina neno, lakini mtoto wangu anarudi nyumbani ananiambia leo tumetembea. Tumekutuma India kwa hilo?" Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia asubiri, naye, kwa wema wake, alisubiri, ingawa nadhani alisubiri kwa kunionea huruma.

Mwaka 2012 Kalpana iliyokarabatiwa ilionyeshwa kwenye tamasha la Cannes, na Amala, akielekea miaka 93, alihudhuria. Niliona picha yake akiwa ndani ya sari, wima, na nikajikuta nikiutazama mgongo kabla ya uso. Haukuwa ukisubiri makofi. Alifariki tarehe 24 Julai 2020 huko Kolkata, akiwa na miaka 101. Taarifa ilinifikia kwa ujumbe wa yule karani wa benki, ambaye siku hizi ni mstaafu na bado, kwa madai yake, anatembea kila asubuhi kuzunguka sebule yake kama mtu aliye ndani ya maji hadi kiunoni.

Mwezi huo huo shule zilikuwa zimefunguliwa tena baada ya korona, na tulikuwa tukijiandaa kwa onyesho dogo. Niliwaomba watoto wacheze bugobogobo bila majembe. Mzee anayetupigia ngoma, mtu aliyecheza Bulabo tangu enzi za ujana wake na ambaye kila neno langu hulipima kwanza kwa kulinyamazia, aliweka vijiti chini.

"Jembe limekwenda wapi, mwanangu?"

"Lipo, babu," nilimjibu. "Tunataka tulione bila kulishika."

Hakuridhika. Alisema kwamba huko India wamenifundisha ubahili. Lakini alipiga, kwa kunistahi, na mbele ya safu alikuwa binti mmoja wa darasa la sita, ambaye nyumbani kwao wanalima dengu na mahindi upande wa Magu. Binti yule aliinua mikono mitupu, akaishusha, na mahali ambapo wenzake waliendelea vizuri na mdundo, yeye alikwama kidogo. Magoti yake yaligonga kitu. Akavuta, akainua tena, akashusha, akakwama tena, na kila mara alichelewa nusu ya pigo huku mabega yakipokea mshtuko uliotoka chini.

Nilikuwa nimefungua mdomo nimrekebishe kuhusu mdundo. Mzee alinizuia kwa kijiti, na badala ya kumvuta binti aifuate ngoma, akaanza kuichelewesha ngoma imfuate binti.

"Mwache," alisema bila kuacha kupiga. "Analima na mvua haijanyesha."

Akapiga mapigo mengine kadhaa, akitazama yale magoti.

"Lakini siku ya onyesho," aliongeza, "majembe uyalete."